Honi ya Harusi Haifungwi Dairekti

Ngui alikuwa mchongaji wa vinyago. Aliishi mtaa wa Ziwani pamoja na mkewe Nthenya, aliyekuwa karani katika mahakama ya Makadara, na binti yao Mutheu. Gari lao lilikuwa kuukuu, lakini liling'aa. Kila asubuhi Ngui alilifuta vumbi kabla ya kupakia vinyago vyake. Lilikuwa na ila moja tu. Honi yake ililia kama kifaranga kilichokanyagwa.

Mwezi huo nyumba yao ilichemka kwa furaha. Mutheu alikuwa anaolewa na Austine. Shangazi zake walishona vitambaa, na majirani waliimba huku wakifua. Naye Ngui alikuwa ameapa mbele ya wageni wote kwamba binti yake ataondoka nyumbani ndani ya gari la baba yake.

Sylvance, baba mdogo wa Austine, alikuwa mtu wa mzaha. Siku alipokuja kupanga msafara, aliingiza mkono dirishani, akabonyeza honi.

"Pii," gari likalia.

"Yawa! Mkwe, gari hili linaomba njia ama linaomba msamaha?"

Watu wakaangua kicheko. Ngui naye akacheka, lakini meno yake hayakuachana.

"Jumamosi, siku ya harusi, utaziba masikio," akajibu.

"Na honi isipolia?"

"Isipolia, bibi harusi atapanda gari lako!"

"Nipe mkono! Mmesikia nyote?"

Wakapeana mikono. Pembeni, Mutheu aliacha kutabasamu. Alikuwa amelipanda gari hilo tangu alipokuwa mtoto. Hakutaka kwenda kanisani na lingine.

Kesho yake Ngui alikwenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Alirudi na honi mbili nyekundu, kila moja kubwa kama bakuli la uji.

"Utampigia fundi simu?" Nthenya akauliza.

"Fundi wa nini? Mikono hii inachonga twiga kutoka kwenye gogo. Itashindwa na honi?"

Mtu kujitengenezea gari lake si kosa. Kosa ni kuanza kazi usiyoijua, na kuona haya kuuliza. Ngui aliona haya kuuliza.

Alifungua honi ya zamani, akaziunganisha mpya kwenye nyaya zile zile nyembamba. Akabonyeza. Zikalia mara moja kwa kishindo, kisha zikanyamaza. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Kijiti cha chuma ndani ya fyuzi ya honi kilikuwa kimekatika.

"Basi tukanunue fyuzi nyingine," Nthenya akasema.

"Ya nini, Mama Mutheu? Hapa tunafunga dairekti."

Dairekti! Neno hilo ni tamu sana mtaani. Maana yake ni kuruka kinachokuzuia. Ngui alikata kipande cha waya wa shaba, akakichomeka mahali pa fyuzi. Akabonyeza tena.

PAAAA!

Njiwa waliruka kutoka juu ya mapaa. Mutheu akatoka mbio huku akipiga makofi. "Tena, Baba! Tena!"

Ngui akabonyeza tena, na tena. Kisha akaondoa kidole. Honi haikunyamaza.

Alipiga usukani kwa ngumi. Honi ziliendelea kulia. Moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Alishika ule waya wa shaba ili auchomoe, ukamchoma vidole.

"Ngai! Toka ndani!" Nthenya akapiga kelele. "Acha gari liungue, wewe utoke!"

Jirani yao Jacklyne alifika mbio. Jacklyne alikuwa fundi wa umeme katika karakana ya magari ya kaunti. Alikuwa na sauti kubwa, na alijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Mkononi alikuwa na spana namba kumi. Hakugusa honi wala usukani. Alifungua boneti, akalegeza kichwa cha betri chenye alama ya kutoa, akakiondoa.

Kimya kikatanda Ziwani kote.

"Baba Mutheu," Jacklyne akasema, "ulitaka kumwoza mtoto ama kumchoma?"

Simu ya Nthenya ikalia. Alikuwa Sylvance. "Jirani yenu amenisikilizisha honi kwa simu hadi huku kwangu Pipeline! Ama hiyo ilikuwa sauti ya kuaga? Nioshe gari langu?"

Ngui alipuliza vidole vyake vilivyoungua. Alimtazama Mutheu, naye Mutheu alikuwa akiutazama moshi.

"Jacklyne," Ngui akasema taratibu, "gari limekufa?"

"Halijafa. Zimeungua nyaya za honi tu. Kesho asubuhi tutalitengeneza. Lakini mimi nitasema, na wewe utafanya. Sitaki kuja tena kuzima moto."

Siku iliyofuata wakaanza mapema, jua likiwaka vizuri.

"Kwanza nini?" Jacklyne akauliza.

"Kuondoa nyaya zilizoungua."

"Hapana! Kwanza betri. Toa kichwa chenye alama ya kutoa. Hapo ndipo unaweza kugusa waya wowote. Na ukikuta nyaya za manjano ndani ya usukani, ziache. Hizo ni za mfuko wa hewa unaomlinda dereva. Mwachie fundi."

Ngui akaondoa kichwa cha betri. Kisha akavuta nyaya za zamani. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka kama mshumaa.

"Umeona? Honi kubwa hula umeme mwingi. Ukiupitisha katika waya mwembamba, waya unapata moto. Ganda limeyeyuka, shaba ikagusa bodi ya gari. Kwa honi, hiyo ni sawa na kidole kilichoganda kwenye kitufe."

"Na fyuzi?"

"Fyuzi ilikuwa imekwambia. Ilikatika ili waya usiungue. Wewe ukaifukuza kazi, ukaweka kipande cha shaba ambacho hakikatiki. Niambie, wewe huchonga mpingo kwa kisu cha kumenyea viazi?"

"Mimi? Kamwe!"

"Basi kila kazi ina waya wake, na kila waya una fyuzi yake."

Alimpa Ngui waya mnene mwekundu, na kijisanduku cheusi chenye miguu minne.

"Hii ni relei. Miguu miwili hupokea amri kutoka kwenye kitufe. Miwili mingine hupitisha umeme mzito, kutoka kwenye betri hadi kwenye honi."

Ngui aligeuza kile kijisanduku. "Sijaelewa. Kwa nini kitufe kisifanye kazi chenyewe?"

Nthenya alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alicheka ghafla.

"Lakini mimi nimeelewa! Ni kama kule kwetu mahakamani. Hakimu hambebi mtu yeyote. Anasema neno moja tu kwa sauti ndogo, na askari wenye nguvu ndio wanaombeba. Kitufe ni hakimu. Relei ni askari."

"Ero! Ndivyo hasa!" Jacklyne akapiga paja lake. "Mama Mutheu, njoo karakana kesho, nitakupa ovaroli!"

Hata Ngui alicheka, na safari hii kwa moyo. Kazi ikaenda mbio. Alifunga relei mahali pakavu. Karibu na betri aliweka fyuzi ya buluu, namba kumi na tano, kama karatasi ya zile honi ilivyoagiza. Pale waya ulipopita kwenye tundu la bati, alivisha tundu pete ya mpira ili bati lisiukate. Akafunika kila kiungo kwa utepe wa umeme. Mwishowe akarudisha kichwa cha betri.

"Bonyeza," Jacklyne akasema. Akamtupia fyuzi nyingine ya buluu. "Na hii weka mfukoni. Ya akiba huwa namba ile ile. Isizidi."

PAAAA! Ngui akaondoa kidole. Kimya! Akabonyeza tena. PAAAA! Kimya! Mutheu akamkumbatia baba yake hadi kofia ikaanguka.

Jumamosi ikafika. Gari lilifunikwa maua mbele na utepe mweupe ubavuni. Mutheu aliketi nyuma katika shela lake, na mama yake kando yake. Wanawake walipiga vigelegele. Sylvance alisimama barabarani, gari lake limeoshwa, mlango wazi.

"Haya, mkwe! Tusikie!"

Ngui alibonyeza. PAA— Sauti ikakatika.

Vigelegele navyo vikakatika. Injini ilikuwa bado inanguruma vizuri. Hapakuwa na moshi. Lakini honi ilikuwa kimya.

"Baba?" Mutheu akaita.

Sylvance akakimbilia dirishani. Hata yeye hakuwa akicheka tena. "Mkwe, kanisa linangoja. Ama mtoto apande langu, ama shika karatasi hii ya chingamu. Izungushe kwenye fyuzi. Funga dairekti, twende!"

Ngui aliitazama ile karatasi inayong'aa. Watu wote walimtazama. Kisha akazima gari, akashuka na suti yake mpya.

"Hakuna dairekti," akasema. "Fyuzi haikukatika bure. Imeona kitu ambacho sisi hatujakiona."

Aliondoa kichwa cha betri. Akapiga magoti mbele ya gari na kuufuata waya kwa vidole, kutoka kwenye relei hadi kwenye honi, bila haraka. Ndipo akakiona. Waliopamba gari walikuwa wamefunga maua kwa waya mwembamba wa chuma. Ncha yake ilikuwa imejipenyeza hadi kwenye kiungo cha honi, huku upande mwingine ukigusa bodi.

"Nipeni utepe wa kufungia maua!" akaita.

Nthenya akafungua utepe kwenye nywele zake. Ngui alitoa ule waya wa maua, akayafunga maua kwa utepe, akaukaza tena utepe wa umeme juu ya kiungo cha honi. Akatoa fyuzi iliyokatika. Akaingiza mkono mfukoni mwa suti, akatoa ile ya buluu, namba kumi na tano. Akarudisha kichwa cha betri, akajifuta magoti, akaketi.

"Mkwe," akasema, "ziba masikio."

PAAAAAA!

Sylvance aliziba masikio kwa mikono yote miwili. Mutheu alicheka ndani ya shela. Wanawake wakapiga vigelegele kwa nguvu kuliko mwanzo, na gari la mchongaji likatangulia msafara mzima kuelekea kanisani Makadara, bibi harusi akiwa ndani yake.

Nje ya kanisa, Sylvance alimvuta Jacklyne kando. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Dada yangu," akanong'ona, "Jumatatu una nafasi? Langu... langu limefungwa dairekti tangu mwaka jana."