Karani na Diski ya Vipimo

Wewe unayesoma, nakutegea: nyumba imekufa, mwenye nyumba yu hai; kahama na vyombo vyake vyote, na bado anaenea kiganjani. Nani huyo? Ukishindwa usinipe mji. Soma tu, jibu liko njiani.

Palikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, na binti yake wa miaka kumi na miwili. Kila alasiri, binti akishatoka shule na kuosha vyombo, alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, kompyuta mpakato magotini. Mama alipima kwa futi na kutaja, binti akaandika.

"Bega thelathini na nane. Mkono hamsini na moja. Umeandika, Karani?"

"Nimeandika, mama."

Jina hilo la Karani alipewa na mama yake kwa ajili ya kazi hiyo, naye akalipenda kuliko lile la kuzaliwa.

Siku ya kufunga shule walipima wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Sare zao zilitakiwa ziwe tayari siku ya kufungua. Wanafunzi wakatawanyika kwenda likizo, kila mmoja na kwao, vipimo vikabaki ndani ya kompyuta. Juma hilohilo, kioo cha kompyuta kikaingia giza.

Mjomba, mdogo wake mama, akaleta kompyuta nyingine iliyokwisha kutumika. "Usihofu, dada," alisema. "Kompyuta ni nyumba tu. Mwenye nyumba ni diski, kile kibati kidogo cha ndani. Nyumba ikifa, tunamhamisha mwenyewe na vyombo vyake. Nitakuja Jumamosi." Kisha akamgeukia Karani. "Na wewe, mkono usikuwashe. Taa hii ndogo ya kompyuta ikiwa bado inawaka, diski haichomolewi."

Haya, jibu umelipata. Sasa sikia yaliyofuata.

Jumatano mama alikwenda kununua uzi. Karani akazitazama zile kompyuta mbili mezani. Aliwahi kumwona mjomba akiifanya kazi hiyo mara moja, na aliyeona mara moja hudhani ameona yote. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu moja moja na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa, akaichomoa diski. Taa ndogo ilikuwa ikiwaka. Hakuitazama.

Alipoipachika diski katika nafasi ya pili ya ile kompyuta mpya, kikatokea kidirisha chenye swali la Kiingereza. Karani alielewa neno moja tu, diski. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana. Akabonyeza ndiyo.

Diski ikafunguka tupu.

Aliirudisha ilikotoka, akakaza skrubu zote, akapangusa meza. Kwa siku tatu hakuisogelea ile meza.

Jumamosi mjomba akaihamisha diski, akatazama. "Dada, humu hamna kitu. Imekufa yenyewe."

Mama akaketi juu ya majora ya vitambaa vya sare.

"Niisafishe, niiwekee programu mpya," mjomba akasema. "Angalau uitumie."

"Usiiguse kwanza," mama akajibu. "Twende kwa fundi."

Fundi wa kompyuta alikuwa mama wa makamo, miwani juu ya paji la uso, katika chumba chembamba kilichojaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo.

"Shikamoo, anti," Karani alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mgonjwa ndiye huyu?" Akaiunganisha diski na kuitegea sikio. "Haigongi kama diski mbovu. Hii haijafa. Niambieni, nani aliigusa mwisho, na alifanya nini?"

"Ni huyu ndugu yangu tu," mama alisema.

"Mimi nimeikuta tupu," mjomba akadakia.

Fundi akawatazama wote watatu. "Kama imefutwa, vitu vingalimo, ila kikiandikwa kipya juu yake, cha zamani hakirudi tena. Kama inaumwa yenyewe, dawa yake ni nyingine, na dawa hiyo ikikosewa, inaua hata kilichobaki. Kama hamjui, nitabahatisha."

"Bahatisha, dada yangu," mama alisema. "Nifanyeje?" Futi ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, alitoka nyumbani ameisahau.

Fundi akashika bisibisi.

"Ni mimi," Karani akasema.

Akaeleza yote: taa, swali, na ile ndiyo.

"Swali hilo liliuliza kama diski ifutwe," fundi akasema. "Baada ya hapo uliweka kitu chochote?"

"Hapana, anti. Niliogopa hata kuisogelea."

"Basi hofu yako imetufaa kwa hilo moja tu," fundi akasema, akaweka bisibisi chini.

Mama akamgeukia bintiye. "Siku tatu, Karani. Kwa nini hukuniambia?"

Karani akatazama sakafu.

Walingoja tangu asubuhi hadi alasiri. Ndipo majina yakaanza kupanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, mpaka yakatimia mia moja na kumi na mawili.

"Kumbe nilitaka kumzika mtu akiwa hai," mjomba alisema, wala hakuna aliyecheka.

Fundi akamvuta Karani karibu. "Sikiliza, mwanangu. Swali usilolielewa usilijibu ndiyo. Na kosa liseme mapema. Kilichopotea kwa kosa hurudi ukiwahi kusema. Ukinyamaza, kila siku inaandika kitu juu yake, mpaka hapatikani fundi wa kukirudisha."

Nyumbani, mama alitandaza kitambaa mezani na kushika mkasi. Karani akakaa kwenye kigoda chake, kompyuta mpya magotini.

"Soma wa kwanza."

"Bega thelathini na sita. Mkono arobaini na tisa."

Mkasi haukusogea. "Nilikuuliza swali kule kwa fundi," mama alisema taratibu. "Bado sijajibiwa."

Karani akaweka kidole kwenye jina la kwanza, asilipoteze.

"Niliogopa utatafuta karani mwingine."