Shauri la Kadzo kwa Mjomba Wake

Foleni ya simu pale posta ya Ukunda ilikuwa imemchosha kila mtu, na kijana mmoja wa bara, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama, akajitia mbele ya Kadzo kama haoni watu. Kadzo alikuwa amejitanda leso ya zambarau. Akamwambia taratibu kwamba huku Pwani hata mgeni hupanga foleni. Kijana akaomba radhi, akarudi nyuma, na baadaye akamngoja nje na madafu mawili. Wengine hutongozwa kwa mashairi. Kadzo alitongozwa kwa dafu, na akalinywa lote.

Aliitwa Munyoki, mtu wa Kitui, mkaguzi wa kampuni ya Nairobi iliyokodisha jina lake kwa mahoteli. Kadzo alikuwa mapokezi katika hoteli ya mjomba wake, Mzee Kombe, huko Galu. Hoteli ni ya mzee, lakini jina lililokuwa langoni ni la kampuni hiyo, na bila jina lile mawakala wa Ulaya hawakuleta mgeni hata wa dawa.

"Sasa umekuja kukagua vyumba au kunikagua mimi?" Kadzo alimtania.

"Vyumba nilimaliza jana," Munyoki akasema.

Agosti hiyo ya tisini na saba ikazuka fujo ya Likoni, na wageni wakakimbia. Ili kupunguza gharama, Mzee Kombe akakausha bwawa la kuogelea. Mito ya kulalia iliyotakiwa na kampuni akaiacha, akashonesha ya sufi kwa Rispah, fundi cherehani wa Ukunda. Kampuni ikadai amevunja mkataba, ikataka kurudishiwa jina lake. Na mkataba ulisema ugomvi usifike kortini. Pande mbili zichague msuluhishi mmoja, na huyo akisema, amesema.

Kadzo akampigia Munyoki simu kuuliza kikao hicho kikoje.

"Ni watu kuketi tu, mpenzi, mlango umefungwa," Munyoki alimtuliza. "Hakuna askari wala hakimu. Usijitie wasiwasi."

Maskini, Kadzo aliwajua watu kuketi. Kwao, wakubwa wakiketi kupatanisha, anayekiri kwanza husamehewa, na mbishi ndiye hutozwa mbuzi. Akamshauri mjomba aende bila wakili, aseme kweli yote. Mzee akavaa kanzu yake ya Idi, akavuka kwenda Mombasa. Alikiri bwawa. Akakiri na mito, ambayo hakuna aliyeiulizia. Kisha akaomba radhi, akanyoosha mkono, na wakili wa kampuni akautazama tu. Munyoki, shahidi wa kampuni, alikuwa ameketi kando ya wakili huyo, macho chini.

Uamuzi ukatoka: mzee amekiri mwenyewe, jina liondolewe, rufaa hakuna. Mafundi wakang'oa herufi langoni, wafanyakazi wakafunga mizigo wakarudi Msambweni na Samburu.

Munyoki akaja kuposa, na suti yake nyeusi. Mzee Kombe akampokea vizuri, akasema kijana alifanya kazi yake, yeye hana kinyongo. Kadzo ndiye aliyemtoa barazani, akamsimamisha langoni.

"Ulijua mjomba amekuja bila wakili?"

"Nilimwona mlangoni kabla hatujaanza."

"Na ulijua kwamba pale kukiri ni kujifunga?"

Munyoki akaitikia kwa kichwa. Alieleza kwamba wakubwa wake walimkataza kusema na upande wa pili, kwamba angefutwa, kwamba mahari yake ingetoka kwenye kazi hiyo hiyo.

"Ungemwambia tu, mzee, ngoja upate wakili. Basi."

"Nisamehe, Kadzo wangu."

"Nimekusamehe. Lakini kuolewa nawe siwezi."

Alimpenda, wallahi, na hata alipokuwa akimfungia lango alikuwa akimpenda. Akarudi ndani, uso umelowa. Mjomba akauliza mbona mgeni ameondoka bila kula.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Shauri lako lilikuwa jema. Wale watu tu ndio hawana adabu."

Kadzo akaketi karibu naye, akampakulia chakula cha mgeni.