Kopo Jeupe la Kocha Maddigan

Uliona. Usinidanganye.

Uliona video ya Lorne Petrash, yule mchezaji wa hoki, akianguka kwenye barafu, gongo likimtoka mkononi, na hakuna mtu aliyemgusa. Ukasema "maskini", ukatelezesha kidole, ukaenda kucheka video za paka.

Hata mimi nilitelezesha. Ndiyo maana nina hasira.

Sasa sikia. Jumamosi, tarehe kumi na sita Novemba, saa nne asubuhi. Mazoezi yameahirishwa, narudi nyumbani. Naingia jikoni...

Mama Halyna, mama mwenyeji wangu, kakumbatia kopo langu la unga wa misuli! Anachota unga wangu, anautia kwenye mtungi. Kisha anamimina unga mwingine koponi!

Nikasimama mlangoni.

Mimi ni Colby Desjarlais, miaka kumi na tisa. Klabu za hoki ya barafuni huku Manitoba, Kanada, zikikuchukua kutoka mbali, zinakuweka kwa familia ya mji. Unalala kwao, unakula kwao. Nilikuja kutoka mji wa Flin Flon na kilo sitini na tisa, mrefu kama mlingoti. Wakanibatiza Njiti.

Kila Jumatatu tunapanda mizani mbele ya wote, namba zinaandikwa ubaoni. Kocha wa viungo, Trent Maddigan, alinipa sharti.

"Njiti, kilo sabini na tano kabla ya Desemba. Ukikosa, unapanda basi kurudi kwenu."

"Nitafikaje, kocha?"

"Kwa hili."

Kopo jeupe, kutoka kwenye buti la gari lake. Halina jina. Halina orodha ya kilichomo. Halina hata herufi!

"Na achana na viazi vya yule bibi. Anakunonesha kama nguruwe wa Krismasi."

Basi nikaanza kumchunguza mama wa watu. Kila Ijumaa napewa kopo jipya, unga wa rangi ya waridi. Jumapili nikifungua... rangi ya maziwa! Wiki baada ya wiki. Mbona? Na mbona ananitazama hivyo nikiwa nakunywa?

Jumamosi hiyo ndiyo nikamfuma.

"Mama Halyna, unanitilia nini humo?!"

Hakushtuka hata kidogo. Akanisogezea sahani ya pirohi, zile sambusa zake laini za viazi.

"Kaa ule kwanza. Pirohi zinapoa, mwanangu."

"Sili kitu chako!"

Nikatoka mbio. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga: nikaenda moja kwa moja kwa Maddigan.

Alinisikiliza. Akaufunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, kocha."

"Vizuri. Jumatatu tunakuhamisha nyumba. Na ufunge mdomo."

Nifunge mdomo? Mwizi si ni yule bibi? Siku mbili nilijiuliza swali lile.

Jumatatu. Nikapanda mizani.

Sabini na tano na gramu mia mbili!

"Njitiii!" Chumba kizima kikalipuka. "Siku hizi wewe ni gogo!"

Maddigan akaninyanyua mkono kama bondia. "Mmeona? Huo ndio unga wangu! Nani mwingine anataka?"

Wakaanza kupanga foleni. Wallahi, foleni!

Mlango ukafunguka. Mama Halyna, na koti lake la theluji, kabeba kreti. Akaitua sakafuni.

Mitungi kumi iliyokuwa ya achari ya matango. Ndani, unga wa waridi. Kila mtungi una tarehe yake.

"Huyu mtoto hajameza unga wako isipokuwa wa zile Ijumaa, kabla sijauwahi," alisema. "Siku nyingine zote kanywa maziwa ya unga, oti na karanga nilizosaga mwenyewe. Na pirohi zangu."

"Bibi kachanganyikiwa. Mtoeni!"

"Lorne alikaa kwangu, Trent. Nilimwonya, akanicheka. Ukamhamisha nyumba. Moyo wake uliposimama nilitafuta kopo, nikaambiwa limetupwa. Safari hii nimetunza."

Ukamhamisha nyumba... Na mimi siku hiyo nilikuwa wa kuhamishwa!

Daktari wa klabu alipeleka mtungi mmoja maabara. Homoni, na kichocheo cha kuuendesha moyo mbio. Lorne ana miaka ishirini na moja, ana kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukisita.

Na klabu? Ikaandika kwamba mkataba wa Maddigan "umeisha kwa maelewano". Leo anafundisha vijana mji mwingine, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Gari lile lile. Buti lile lile.

Wewe kimbaombao unayesoma hapa, kilo zangu sita zilichukua wiki kumi. Sahani tatu zilizojaa, na vitafunio viwili katikati. Mayai, maziwa, karanga, viazi. Vyuma vya kunyanyua nikiviongeza kidogo kidogo kila wiki. Usingizi wa saa nane. Hakuna uchawi, na anayekuuzia uchawi muulize mbona hauna maandishi.

Sasa inuka. Si kesho. Fungua kabati lako, na la mdogo wako, na la mwanao. Ukikuta kopo lisilo na maandishi, usilimwage! Likimwagwa, wameshinda. Lifunge, andika tarehe, lipeleke kwa daktari leo hii, na umtaje aliyeliuza.

Kidole chako kishaanza kutelezesha.

Kizuie. Nenda kabatini.