Kigimbi cha Fundi Fikiri

Fundi Fikiri alikuwa seremala mjini Tabora. Alitengeneza vitanda na makabati ya mninga. Kutwa alisimama karakanani, maranda yakimfika vifundoni. Lakini alfajiri hakushika randa wala msumeno. Alfajiri alikwenda kukimbia na rafiki yake, Mwalimu Alois.

Mwalimu Alois hakuwa akiona. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo. Alisoma kwa vidole mpaka akawa mwalimu, na sasa aliwafundisha watoto wasioona kusoma hivyo hivyo. Darasani hakuhitaji msaada wa mtu. Barabarani alihitaji kiongozi, na kiongozi wake alikuwa Fikiri. Walishika kamba fupi, kila mmoja ncha yake, wakakimbia bega kwa bega.

"Mchanga mbele," Fikiri alisema. "Sasa kilima kidogo. Kata kushoto, kuna shimo."

Mwalimu Alois alifuata kila neno. Kwa mwaka mzima walikimbia hivyo kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Kwihara, njia waliyopita wapagazi wa misafara zamani. Walikuwa wakijiandaa kwa marathoni. Mbio zingeanzia Igalula, zikaishia Tabora mjini. Mwalimu Alois hakuwahi kukimbia marathoni maishani mwake. Wanafunzi wake walijua. Kila siku walimuuliza, "Mwalimu, bado siku ngapi?"

Zilibaki wiki tatu. Alfajiri moja, wakiwa mazoezini, baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa iliteremka kilimani kwa kasi. Breki zilikuwa zimekatika.

"Pisheni! Pisheni!" mwenye baiskeli alipiga kelele.

Fikiri alimvuta Mwalimu Alois pembeni, wakaruka mfereji pamoja. Mwalimu alitua salama. Fikiri naye alitua kwa mguu mmoja, na nyuma ya mguu, kwenye kigimbi, kitu kikavutika kama kamba inayokazwa ghafla.

"Uko salama?" Mwalimu Alois aliuliza.

"Salama, Mwalimu. Nimejikwaa tu."

Walirudi nyumbani polepole. Fikiri aliuma meno njia nzima.

Mama yake alikuwa uani akichambua mchicha. Alimwona mwanawe akiingia anachechemea.

"Mguu huo una nini?"

"Msuli umevutika kidogo, mama."

"Kaa hapo."

Mama alichemsha maji. Akachovya kitambaa, akakikamua, akaanza kuukanda ule mguu. Kisha akapaka dawa ya kuchua, akabonyeza kwa vidole gumba kwa nguvu zake zote. Fikiri alitoa machozi.

"Vumilia," mama alisema. "Bila kuchua, damu italala humo humo."

Zabibu, mke wa Fikiri, alitazama kwa wasiwasi. Hakutaka kumpinga mkwe wake. Alisema tu, "Mama, naona panazidi kuvimba."

Kesho yake palivimba zaidi. Kigimbi kiliuma hata kwa kuguswa na shuka. Fikiri akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya maumivu. Alimeza, akasubiri. Baada ya muda maumivu yakapungua. "Nimepona," akajiambia. Moyoni alijua hajapona. Lakini alifikiri, nikikaa nyumbani, nani atamshika Mwalimu kamba?

Alfajiri iliyofuata alimeza vidonge vingine, akaenda kukimbia.

Hawakufika mbali. Mwalimu Alois alisimama katikati ya barabara.

"Fikiri, unachechemea."

"Hapana, Mwalimu."

"Usinidanganye. Mimi sioni, lakini nasikia. Mguu wako wa kulia unagusa chini na kuondoka, kama unakanyaga makaa. Umeumia tangu siku ya baiskeli, sivyo?"

Fikiri aliinama, akakishika kigimbi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa naogopa kukwambia. Umesubiri mbio hizi muda mrefu mno. Mimi nikiumwa, wewe hukimbii."

"Na ukianguka njiani tukiwa wawili, nani atanirudisha?" Mwalimu Alois alikuwa amekasirika. "Mimi nikishika kamba hii nakuamini wewe kuliko macho yangu. Ukinificha jambo, nimebaki na nini?"

Fikiri aliona aibu. Aliomba radhi.

"Haya, yameisha," Mwalimu alisema. "Twende kwa Ruaa."

Ruaa alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Baba yake, Mzee Bader, aliuza vitambaa mjini, kama babu zake kabla yake. Ruaa hakupenda biashara ya duka. Alisomea namna ya kutibu misuli, mifupa na maungio, na sasa alikuwa na chumba chake cha tiba karibu na soko. Alimjua Mwalimu Alois kwa sababu aliwasaidia baadhi ya wanafunzi wake.

Alimlaza Fikiri kitandani kifudifudi. Kabla ya kumgusa, alimuuliza maswali.

"Ulipoumia, ulisikia mlio? Kama kitu kimekatika?"

"Hapana. Kilivutika tu."

"Uliweza kuukanyagia mguu?"

"Niliweza, kwa maumivu."

Ruaa alipapasa kigimbi taratibu, kutoka gotini mpaka kisiginoni. Alimwambia asukume mkono wake kwa wayo. Akatazama ngozi, akalinganisha na mguu wa pili.

"Bahati yako, kaka," alisema. "Msuli haujakatika. Nyuzi chache tu ndani yake zimechanika. Jeraha dogo hili. Lakini mmelichokoza. Mlifanya nini nyumbani?"

Fikiri alieleza. Maji ya moto, dawa ya kuchua, vidole gumba, vidonge, na ile safari ya asubuhi.

"Ngoja nikueleze," Ruaa alisema. "Msuli ukichanika, ndani yake panavuja damu kidogo. Ukiweka kitu cha moto siku hiyo hiyo, damu inaongezeka. Ukiuminya kwa nguvu, unazichana zaidi nyuzi zilizochanika. Ndiyo maana mguu ulivimba."

"Mama yangu amekanda watu miaka yote," Fikiri alisema. Hakupenda mama yake alaumiwe.

"Na mikono yake imesaidia wengi, sina shaka. Mwili uliochoka, shingo iliyokaza, kanda tu kwa maji ya moto. Ila jeraha bichi lipe siku mbili tatu kwanza. Hizo ni siku za baridi. Chukua barafu, izungushie kitambaa, weka kama robo saa, toa. Baada ya saa chache rudia. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi, itaunguza."

"Sisi hatuna friji."

"Jirani anayeuza barafu yupo?"

"Yupo."

"Basi. Na akikosa, maji baridi na kitambaa. Ufunge bandeji ya kuvutika, isikaze mno. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, legeza. Ukikaa au ukilala, inua mguu juu ya mto."

"Na vidonge je?"

"Vidonge vinanyamazisha maumivu, haviungi msuli. Maumivu ni mlinzi, kaka. Ukimziba mdomo mlinzi, usifikiri mwizi ameondoka. Dawa ikikusaidia kulala, sawa, kwa kipimo ulichoelekezwa. Usimeze ili ukakimbie."

Mwalimu Alois alikuwa amekaa kwenye benchi. Sasa aliuliza lile ambalo Fikiri aliogopa kuliuliza.

"Na marathoni, Ruaa?"

Ruaa alikitazama tena kile kigimbi.

"Jeraha kama hili linaweza kupona kwa wiki mbili au tatu. Lakini kupona kwa kutembea siyo kupona kwa kukimbia kutoka Igalula. Marathoni nzima, hapana. Akiulazimisha mguu, unaweza kuchanika kweli, akae miezi. Sehemu ya mbio, labda. Mguu wenyewe utatuambia."

Fikiri aligeuza uso ukutani.

"Nimekuharibia, Mwalimu," alisema.

"Hujaniharibia kitu. Uliniokoa na baiskeli ya mkaa," Mwalimu Alois alijibu. "Tutafute mtu wa pili. Waandaaji wa mbio wanakubali kubadilishana viongozi njiani, niliwauliza mapema. Yule kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, anayetupita mbio kila asubuhi bila kusalimia, anaitwa nani?"

"Yash," Ruaa alisema huku akicheka. "Anasalimia. Anavaa vitu masikioni, hasikii."

Siku ile Fikiri alirudi nyumbani akamweleza mama yake taratibu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuumiza?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekimbia. Mtaalamu anasema mikono yako tutaihitaji baadaye, jeraha likishatulia."

Mama alifikiri. Kisha akamwita Zabibu. "Nenda kwa jirani ukalete barafu. Na mto mmoja zaidi."

Karakanani Fikiri alikaa kwenye kigoda, akafanya kazi ya kupiga msasa. Mguu aliuweka juu ya gogo. Wateja walimtania. Yeye alitabasamu tu. Uvimbe ulipoanza kushuka, Ruaa alimwanzishia mazoezi. Mwanzo alikunja na kunyoosha wayo akiwa amekaa. Kisha alisimama akishika ukuta, akanyanyuka kwa vidole vya miguu yote miwili, akashuka polepole. Alipoweza bila maumivu, akafanya kwa mguu mmoja. Sasa mama aliruhusiwa kukanda, na alikanda kwa mkono mwepesi. Fikiri hakuruhusiwa kukimbia mpaka atembee kwa kasi bila kuchechemea.

Huku nyuma, Yash alikuwa amekubali, na Mwalimu Alois alikuwa akimfundisha. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu.

"Shimo!" Yash alisema.

"Liko wapi?"

"Hapo!"

"Hapo ni wapi, bwana? Kushoto au kulia?" Mwalimu alikuwa tayari ametumbukia.

Fikiri, aliyeruhusiwa na Ruaa kuendesha baiskeli, aliwafuata taratibu. Alimrekebisha Yash. "Sema mapema. Sema upande. Usivute kamba kama unavuta mbuzi." Yash alikuwa mwepesi wa kujifunza. Baada ya siku chache Mwalimu hakujikwaa tena.

Siku chache kabla ya mbio, Ruaa alimwita Fikiri. Alimtazama akitembea. Akamwambia anyanyuke kwa vidole vya mguu ulioumia, mara nyingi kama kwa mguu mzima. Akamwambia aruke kwa mguu mmoja. Fikiri aliruka. Hakuna kilichouma.

"Nusu ya kwanza," Ruaa alisema. "Si hatua moja zaidi. Pasha mwili joto kwa kutembea kabla ya kuanza. Na ukisikia kuvutika, hata kidogo, unasimama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Siku ya mbio, jua lilichomoza wakiwa tayari wamesimama Igalula, karibu na reli. Fikiri alishika ncha ya kamba. Walianza polepole. Watu wengi waliwapita. Hawakujali.

"Mguu?" Mwalimu Alois aliuliza kila baada ya muda.

"Kimya," Fikiri alijibu.

Walipita mashamba ya alizeti. Wanawake waliokuwa wakichota maji kisimani walipiga vigelegele. Fikiri alisikia raha ambayo hakuisikia kwa wiki tatu nzima. Mguu ulikuwa mwepesi. Pumzi ilikuwa nzuri. Walipokaribia katikati ya safari alimwona Yash akisubiri kando ya barabara.

Hapo moyo ukamwambia, endelea. Mguu hauumi. Ruaa hayupo. Umefanya kazi mwaka mzima, na sasa mwingine ndiye atakayeingia naye mjini?

Alipunguza mwendo. Mwalimu Alois alihisi.

"Tumefika kwa Yash?"

"Tumefika."

"Uamuzi ni wako, Fikiri."

Fikiri alimtazama rafiki yake, jasho likimtiririka. Ilibaki nusu nzima ya safari. Msuli wake ukivutika porini huko mbele, Mwalimu angesimama naye, maana asingemwacha. Mbio za wote wawili zingekwisha.

Alimpa Yash ile kamba.

"Kuna changarawe mbele, upande wa kulia," alimwambia. "Mweleze mapema."

Akasimama akawatazama wakiondoka. Kisha akapanda pikipiki, akawahi mjini.

Alimkuta Zabibu kwenye mstari wa mwisho, pamoja na mama na wanafunzi wa Mwalimu Alois. Wanafunzi walikuwa wameshikana mikono. Hawakuweza kuona barabara, kwa hiyo kila mara waliuliza, "Amefika? Amefika?"

"Bado," Zabibu alisema. "Bado." Kisha akapaza sauti, "Haya, huyooo!"

Mwalimu Alois alikuja, Yash ubavuni. Alikuwa amechoka mpaka kichwa kimeinama. Wanafunzi walipoanza kuimba jina lake, aliinua kichwa. Aligeukia ile sauti, akakimbia kuielekea mpaka akavuka mstari.

Alikaa chini vumbini, akanywa maji, akanyoosha mkono hewani.

"Fikiri yuko wapi?"

"Niko hapa, Mwalimu."

"Mguu wako?"

"Mzima kabisa. Hata kesho naweza kukimbia."

"Kesho usinisogelee," Mwalimu Alois alisema, na watu wakacheka. Akampapasa Fikiri mpaka akaupata mkono wake, akaushika. Alikaa hivyo mpaka pumzi ikatulia. "Mwakani twende wote watatu. Nasikia barabara ya Sikonge ina miti pande zote. Umewahi kuiona?"

"Nimewahi, nikifuata mbao."

"Ikoje?"

Fikiri akakaa vumbini karibu naye, akaanza kumweleza.