Vigingi vya Uwanja wa Mnada

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi ya Jumatatu, Mkaguzi Rukaiya, polisi wa kata, alikuwa amechuchumaa juani akibana ncha ya tepu kwenye kigingi cha ishirini na tatu. Upande wa pili wa tepu alikuwepo Antipasi, mpima ardhi kutoka wilayani, mtu asiyetamka namba mpaka awe ameiandika kwanza. Walikuwa wakiuzunguka uwanja wa mnada, nje kidogo ya Kinampanda, kigingi kwa kigingi, huku majalada matatu ya mbuzi walioibwa yakimsubiri Rukaiya mezani.

Hakuiomba kazi hii. Kanuni za watu wa rekodi ya dunia zilitaka shahidi asiye ndugu wala jirani wa mkimbiaji, na yeye, mzaliwa wa Manyoni, ndiye pekee aliyepatikana. Ndivyo alivyojikuta Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akitia tiki kila Damari, mkimbiaji mwenyewe, alipopita mbele ya meza na ndoo ya maji ya lita kumi kichwani, mikono ikining'inia, haigusi ndoo. Mizunguko mia moja thelathini na moja. Rekodi iliyotakiwa kuvunjwa ilikuwa kilomita arobaini na nane na nusu. Mzunguko mmoja ulihesabiwa kuwa mita mia nne, kama alivyoupima kwa hatua Mzee Hezekia wa pale kijijini siku ya kuchomeka vigingi. Kwa hesabu hiyo Damari alikuwa ameivunja rekodi kwa mbali. Kilichobaki ni mtaalamu kuthibitisha hizo mia nne.

Antipasi aliandika, akajumlisha, kisha akasema, "Mia nne na sentimita mbili."

Rukaiya akainuka akishika kiuno. Alikuwa tayari kukunja tepu na kuondoka, lakini Antipasi hakukunja. Alikuwa anatazama chini.

Kijia alichokikanyaga Damari kwa saa kumi na mbili kilionekana wazi, cheupe, kimezunguka uwanja mzima. Kanuni zilimtaka mkimbiaji apite nje ya vigingi. Kijia kilikuwa ndani. Si mahali pamoja tu; mzunguko wote kilikuwa ndani ya vigingi, kwa zaidi ya mita nne.

"Amekata njia," Antipasi alisema kwa upole. "Siwezi kuandika vinginevyo."

Rukaiya alikwenda zilipokuwa alama za miguu minne ya meza yake. Alikumbuka vizuri: Jumamosi kigingi kilikuwa kati yake na Damari, kiasi kwamba mara mbili alikisogelea kutundika chupa yake ya maji. Sasa kati ya meza na kijia hapakuwa na kitu. Akainama, akapapasa. Hatua moja kutoka alama za meza alikuta udongo laini, tundu lililofukiwa na kushindiliwa kwa kisigino cha kandambili za tairi. Kisigino cha kushoto, mara mbili. Pembeni palikuwa na mburuzo mwembamba wa mguu wa kulia.

Kufika saa nne na robo walikuwa wameyapata matundu yote ishirini na manne. Kila moja limefukiwa kwa uangalifu uleule na kisigino kilekile, na kila kigingi kimesogezwa nje kwa umbali uleule.

"Basi pima matundu, tumalize," alisema Rukaiya.

"Nitapima. Lakini matundu hayana tarehe, Afande. Nitajuaje kwamba vigingi havikusogezwa Ijumaa, kabla hajakimbia? Kumbukumbu yako siyo kipimo. Niletee aliyevisogeza, aseme ni lini na aweke sahihi. Saa kumi narudi wilayani, Kiomboi, na taarifa yangu inaondoka leo."

Rukaiya aliuliza kama kuna video. Zilikuwepo, arobaini na mbili, kwenye simu za watu. Alizipitia zote amesimama kwenye kivuli cha choo cha mnada. Watu wote walikuwa wamepiga uso wa Damari na ndoo. Hakuna hata mmoja aliyepiga ardhi.

Habari ilishafika kijijini kabla yake. Kwenye kundi la simu la kijiji Damari alikuwa tayari anaitwa mwizi wa njia, na mtu alikuwa amemchora akiwa na ndoo kichwani, anapita kwenye tundu la uzio. Damari mwenyewe, Rukaiya alimkuta nyumbani kwake, ameketi kwenye ngozi, miguu imefungwa vitambaa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkulima wa alizeti, na malengelenge yake yalikuwa hayajapasuka yote.

Hakulia. Alieleza kwamba hakuona kitu kingine Jumamosi ila mita tatu za mbele yake, kwa sababu anayebeba maji haangalii pembeni. Kisha akasema, "Nimebeba maji tangu nina miaka sita, Afande. Hakuna aliyewahi kuhesabu. Hii ndiyo siku moja iliyohesabiwa, na ndiyo wanayotaka kuifuta."

Rukaiya alimuuliza nani anaweza kumfanyia hivyo. Damari alisema hajui. Majirani watatu waliokuwa wamesimama mlangoni walijua, kila mmoja na mtu wake, na walisema wote kwa pamoja mpaka Rukaiya akawaomba watoke.

Wa kwanza kutajwa alikuwa Chediel, mfugaji, aliyekatazwa kulisha uwanjani kwa wiki mbili kwa ajili ya maandalizi na aliyelalamika kila siku ya hizo wiki mbili. Rukaiya alimkuta kisimani akinywesha ng'ombe. Chediel hakukana hasira.

"Nilichukia, na bado nachukia," alisema. "Ng'ombe wangu wamekonda kwa sababu ya ndoo moja. Lakini Afande, niulize kama mtu mwenye akili. Mimi ningevisogeza? Ningeving'oa, mke wangu akapikia."

Rukaiya aliangalia miguu yake. Mabuti ya mpira, yote mawili. Hakupenda kukubali, lakini lile jibu lilimkaa kichwani njia nzima.

Wa pili alikuwa Janeth wa Nduguti, aliyejaribu rekodi hiyohiyo mwaka uliopita na kuangusha ndoo saa ya tisa. Alikuja Jumamosi kutazama, na watu waliapa kwamba alikuwa na uso wa wivu. Rukaiya alimpigia simu saa sita kasoro. Janeth alikuwa ameondoka na basi Jumamosi hiyohiyo jioni, na kondakta alithibitisha. Kabla ya kukata simu aliuliza kama miguu ya Damari imevimba, na akataja majani ya kuchemsha.

Wakati huo simu ya ofisi ya wilaya iliingia kwa mara ya nne kuuliza kama rekodi imethibitika, maana bango lilikuwa linasubiri kuchapwa. Rukaiya alijibu kwamba bango lisubiri. Akaketi kwenye jiwe, akafungua daftari na kuanza upya, polepole, jinsi alivyojifundisha mwenyewe kufanya pale watu wanapompa majibu mengi kuliko maswali.

Ukitaka kumharibia mtu, unang'oa vigingi au unasogeza vitatu vya kona. Huyu amesogeza vyote, kwa usawa, na akapata mia nne na sentimita mbili. Mtu hapati mia nne na sentimita mbili kwa kubahatisha. Huyu alipima. Hakuwa anamfikiria Damari hata kidogo. Alikuwa anaitafuta mia nne. Na katika kijiji kizima, tepu ndefu ya kupima hivyo alikuwa nayo mtu mmoja.

Nathan, fundi mwashi, alikuwa juu ya ukuta wa nyumba aliyokuwa anajenga. Alikuwa shemeji yake Damari, na ndiye aliyesema hadharani kwamba mwanamke anayekimbia na ndoo siku nzima amekosa kazi. Alishuka akijifuta saruji. Rukaiya aliomba tepu yake, akaivuta hadi mwisho. Kuanzia mita ya tano ilikuwa na vumbi jeupe la uwanjani, na kwenye mdomo wa kasha lake ulinasa mwiba wa mbigiri.

"Hapa kwako hakuna mbigiri," alisema Rukaiya.

"Hakuna."

"Uwanja wa mnada umejaa mbigiri."

Nathan aliutazama ule mwiba, akamtazama Rukaiya. "Shemeji yangu nilimtania, sikumfunga miguu. Jana kutoka kanisani niliiazimisha hiyo tepu. Nilirudishiwa kabla ya jua kuzama. Niliambiwa ni ya kupimia mlango wa banda la kuku."

"Na nani?"

Nathan alilisema jina kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mgonjwa.

Saa nane na nusu Mzee Hezekia alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, anapukuchua alizeti. Alikuwa na miaka sabini na minane. Kwa miaka arobaini hakuna shamba lililogawanywa au kurithiwa pale kijijini bila yeye kutembea mipaka yake. Eka moja ni hatua sabini kwa sabini, na hatua ilikuwa yake. Wenyeviti walikuja na kuondoka. Hatua ya Hezekia ilibaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Rukaiya alimwomba waende wote uwanjani, mtaalamu wa wilaya ana jambo la kumuuliza. Mzee aliinuka. Alitanguliza mguu wa kushoto, akaegemea, kisha akauvuta wa kulia. Kandambili za tairi. Rukaiya aliangalia pembeni. Alitamani awe amekosea.

Uwanjani walikuwepo Antipasi, Nathan, Damari aliyeletwa na pikipiki, na Chediel aliyekuja, kwa maneno yake, kuona kama anaweza kurudisha ng'ombe. Rukaiya hakumtuhumu mzee. Alimwonyesha pa kuanzia tu.

"Mzee, tunaomba utupimie hatua sabini hapa. Kama unavyopima shamba."

Hezekia alisimama wima. Akaanza, akihesabu kwa Kinyiramba chini ya pumzi, mkono mmoja nyuma. Antipasi alimfuata na tepu. Ilipofika hatua ya thelathini mzee alisimama. Aligeuka, akatazama umbali alioutoka, kisha akaketi chini taratibu, pale pale kwenye vumbi.

"Usihangaike kuipima," alimwambia Antipasi. "Haifiki. Hatua saba zinaliwa katika kila mia. Labda na zaidi."

Antipasi alikuwa ameshapima. "Thelathini ni mita ishirini na tano na nusu," alisema. "Zilitakiwa zikaribie ishirini na saba na nusu."

Kisha mzee akaeleza, bila kuulizwa mara mbili. Nyonga ilimwanza miaka kadhaa iliyopita. Hatua haikupungua siku moja. Ilipungua kama mvuke wa chungu, mwenyewe haoni. Jumamosi, Damari akipita, alisikia watu wakisema kwamba Jumatatu mtaalamu anakuja na chombo. Hakulala. Jumapili mchana, watu wote wakiwa kwa Damari wanakula, aliazima tepu akapima mzunguko peke yake. Mia tatu sabini na mbili. Akavisogeza vigingi kimoja kimoja, akarudia kupima, mpaka ikafika mia nne.

"Sikukifikiria kijia," alisema. "Nilifikiri mashamba. Leo wakisema hatua ya Hezekia ni fupi, kesho kila mtu atatoka na panga kwenye mpaka wake. Watu nimewapatanisha mimi. Wengine wamezikwa wakiniamini."

Damari alisogea, akichechemea, akasimama mbele yake.

"Babu, tangu asubuhi wananiita mwizi. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza. Ukaendelea kupukuchua."

Mzee aliinamisha kichwa. "Niliendelea kupukuchua," alisema.

Rukaiya aliandika maelezo yake palepale juu ya goti, siku na saa, na Hezekia akaweka sahihi. Saa tisa na dakika kumi Antipasi alimaliza kupima matundu ya zamani: mita mia tatu sabini na moja na sentimita tisini. Akazidisha mara mia moja thelathini na moja, akaandika, akarudia, akaandika tena. Watu walikuwa wamemzunguka na yeye hakuwa na haraka yoyote.

"Kilomita arobaini na nane, mita mia saba na kumi na nane," alisema hatimaye. "Rekodi imevunjwa. Kwa mita mia mbili na kumi na nane."

Damari aliketi chini karibu na mzee, akafunika uso kwa khanga. Chediel aliuliza kama sasa ng'ombe wanaruhusiwa.

Rukaiya alidhani kazi yake imeishia hapo. Lakini kabla Antipasi hajafunga mkoba, watu kumi na saba walikuwa wamejipanga pembeni ya uwanja, kila mmoja ametaja shamba lake na mwaka lilipopimwa, wawili wakiwa tayari hawasalimiani. Aliwatazama, akalitazama daftari, akawaza majalada yake matatu ya mbuzi kule mezani. Akachora mistari ya jedwali.

"Nathan, tunaomba tepu," alisema. "Panga zote zirudi nyumbani, au sipimi hata shamba moja. Tunaanza na la nani?"

"Na langu," alisema Mzee Hezekia akijikongoja kuinuka. "La juzi juzi, nililomkatia mwanangu. Hapo ndipo aibu iwe ya kwanza."

Walipima upande mmoja na robo ya upande wa pili. Jua likawa limeshuka kwenye vichwa vya alizeti, na namba za tepu hazikusomeka tena bila kuinama. Rukaiya alichukua kigingi kimoja alichotoka nacho uwanjani, akakipigilia kwa jiwe pale walipofikia, akaandika saa kumi na mbili na dakika tano, na mbele yake akaandika: kuanzia hapa, kesho saa moja. Damari alikuwa ameishika ncha ya tepu. Akaanza kuikunja polepole, akiifuta vumbi kwa pindo la khanga, mita kwa mita.