Viti vya Kushoto

“Weka chini hayo maji baridi.”

“Nimepiga funda moja tu.”

“Ndivyo unavyoanzaga. Weka chini, kunywa haya.”

Maeng Chil-bok akaweka chupa chini kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, akapokea kikombe cha maji ya peasi yaliyochemshwa na asali. Mwanaume amepita miaka arobaini, mabega mapana, koti la zambarau linalometameta mpaka linaumiza macho, na anamwogopa mwanamke mfupi aliyevaa raba na pochi ya kiunoni. Mwanamke huyo ndiye Do Hae-ok, meneja wake.

Walikuwa nyuma ya jukwaa kwenye tamasha la vitunguu saumu huko Uiseong, mchana kweupe, ndani ya hema la plastiki lililonuka vitunguu hadi kwenye mapazia. Kule mbele mshereheshaji alikuwa bado anampa zawadi mkulima mwenye kitunguu kikubwa kuliko vyote. Hae-ok alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri. Ameshagombana na huyo mshereheshaji kuhusu nani aimbe kabla ya nani, maana ukiimba watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, unaiimbia migongo. Ameshampelekea fundi wa sauti flashi yenye muziki na kusimama pembeni yake mpaka akausikia kwa masikio yake. Koti amelipiga pasi juu ya kiti cha gari. Sasa kifungo kimekatika, na yeye amebana pini mdomoni, anashikiza.

“Hae-ok,” Chil-bok akasema taratibu.

“Mm.”

“Miaka saba tunazunguka nchi hii kwenye gari moja. Unajua ninavyokoroma. Unajua siwezi figili ya njano kwenye ule wali wa kuviringishwa, kimbap, unanichomolea kabla sijasema. Mama yangu akipiga simu, anaomba kuongea na wewe kwanza.”

“Mm.”

“Basi nataka nikuoe.”

Pini ikapita koti, ikapita shati, ikamfikia mwenyewe.

“Ah. Hiyo ni ndiyo au hapana?”

“Mm-mm,” akasema Hae-ok, macho yamemtoka.

“Sasa hiyo ndiyo nini?”

Kabla hajazitema pini, mshereheshaji alishaita: “Na sasa, mkwe wa taifa zima, Maeng Chil-bok.” Nje akina mama wakapiga ukelele ambao ungeweza kung’oa hema. Chil-bok akatoka akitembea kinyumenyume, anamtazama, nusura ajikwae kwenye waya.

Hae-ok akaenda kusimama pale anaposimama siku zote, pembeni ya jukwaa upande wa kushoto, karibu na spika, chupa ya chai mkononi. Uso umemchangamka wenyewe.

Akina mama wa vizibao vya njano, wale mashabiki wanaokodi basi kumfuata Chil-bok kila anakoimba, walikuwa kwenye ugomvi wao wa kawaida. Kiongozi wao, Gu Jeom-rye, muuza dagaa wakavu wa Yeosu, alikuwa amesimama mikono kiunoni.

“Sogea, dada. Mkoba wangu upo hapo tangu asubuhi.”

“Mkoba wako ndio shabiki?”

“Mkoba wangu umehudhuria matamasha mengi kuliko wewe. Sogea.”

Kila tamasha ni hivyo hivyo, wanagombania viti vya kushoto na vya kulia wanaviacha vinapigwa jua. Hae-ok alidhani ni mambo ya kivuli.

Simu ikatetemeka kwenye pochi. Bosi Tak, mwenye kampuni.

“Meneja Do, nimesikia maneno.”

“Maneno gani, bosi?”

“Usinifanye mtoto. Mpiga kinanda amewaona mnakula tambi bakuli moja.”

“Bakuli la pili lilimwagika, bosi.”

“Nisikilize. Hao akina mama kila mmoja anaota kumwoza binti yake kwa Chil-bok. Siku wakisikia mkwe ameshachukuliwa, nani atapanda basi? Mwezi wa kumi na moja ana tamasha lake mwenyewe Daegu, la kwanza maishani. Ukumbi mzima, jina lake peke yake juu ya mlango. Unataka akaviimbie viti vitupu?”

Hae-ok akatazama jukwaani. Chil-bok alikuwa amefumba macho kwenye kiitikio, mkono kifuani. Mtu aliyeimba masokoni, kwenye harusi za watu, kwenye uzinduzi wa duka la matairi, akingoja hilo jina juu ya mlango.

“Hapana, bosi. Sitaki.”

“Basi Jumatatu uhamie kwa wale vijana wetu wanne wa kucheza dansi. Gari na Chil-bok nampa Pyo.”

Wakati wa kurudi, walipokuwa wanapanda milima, Chil-bok akakaa kiti cha mbele badala ya nyuma.

“Hukunijibu.”

“Jibu ni hapana.”

“Pini zimeshatoka mdomoni?”

“Zimetoka. Mimi na wewe ni kazi tu, Kaka Chil-bok. Usichanganye.”

Chil-bok akageukia dirishani, na kimbap aliyonunuliwa akaila pamoja na figili yake, kipande hadi kipande, bila kutoa hata moja. Hae-ok aliliona hilo, likamuuma kuliko kama angemtukana.

Jumatatu akamkabidhi Pyo gari. Pyo alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye utaratibu, anayetembea na mayai ya kuchemsha mfukoni. Hae-ok akamweleza yote: peasi na asali, taulo mbili, asimwachie simu kabla ya kuimba, mama yake hupiga baada ya taarifa ya habari. Kitu kimoja tu hakukisema, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Majira ya baridi ya mwaka juzi koo la Chil-bok lilivimba. Lilipopona, ile sauti ya juu kabisa kwenye wimbo wake mkubwa ilibaki inapita kwa shida, kama mtu anayepita mlango mwembamba na magunia. Hae-ok akaenda kwa siri kwa mtengeneza muziki, akaomba ala zote zishushwe nusu ngazi, ile sauti ya juu iwe chini kidogo, akauweka muziki huo kwenye flashi yake. Tangu hapo Chil-bok aliimba kwa raha, hajui lolote. Hae-ok alijua mwimbaji akiambiwa wimbo wake umeshushwa, anaacha kuusikiliza wimbo, anaanza kulisikiliza koo.

Alikusudia kumpigia Pyo amweleze. Lakini Pyo huweka simu kwenye spika ya gari, na kwenye gari yumo nani? Basi akaiacha flashi kwenye droo ya gari, akajiambia Pyo ataikuta ataitumia. Na Pyo, kwa ule utaratibu wake, akachukua flashi mpya ofisini yenye nyimbo kama zilivyorekodiwa.

Hae-ok alikuwa anawagawia wale vijana wanne chakula cha mchana, wanabishania paja la kuku, simu ilipolia.

“Uko wapi wewe mwanamke?”

“Shangazi Gu? Niko kazini. Kuna nini?”

“Sisi tuko Uljin kwenye tamasha la kaa. Mtoto wetu kavunjika sauti mbele ya watu. Kafika pale juu, puu, kama jogoo aliyebanwa na mlango. Kasimama anatutazama. Ikabidi tumwimbie sisi kiitikio kizima mpaka mwisho, na mimi nikiimba unajua mwenyewe ndege wanahama. Sasa yuko nyuma huko anasema koo lake limekwisha, Daegu haendi.”

Hae-ok akakaa chini, sufuria la wali mapajani.

“Pembeni ya jukwaa kasimama mzee anamenya yai,” Shangazi Gu akaendelea. “Wewe umekwenda wapi?”

“Nilihamishwa, Shangazi.”

“Kwa nini?”

“Kwa ajili yenu.”

“Yetu sisi? Tumefanya nini?”

“Bosi anasema mkijua mimi na yeye…”

“Mkijua nini? Kwamba mnapendana?”

Upande wa pili Shangazi Gu alisikika akiwageukia wenzake: “Jamani, huyu anasema eti tulikuwa hatujui.” Kikalipuka kicheko cha basi zima.

“Mwanangu, kwa nini unafikiri tunapigania viti vya kushoto?”

“Si kivuli?”

“Kivuli cha nini, hata ukumbini tunapigana. Huyo mtu akifika kwenye ubeti wa mapenzi, anageuka kushoto. Kila wimbo, kila mji. Macho yanalegea, sauti inakuwa kama supu ya moto. Unasimama kushoto wewe. Sisi tunakaa hapo tupate yale macho yakiwa njiani kuja kwako. Mume wangu hajanitazama hivyo tangu tununue friji. Leo kageuka kushoto, kamwona mzee na yai. Hata angekuwa na koo la dhahabu angevunjika.”

“Siyo hilo tu, Shangazi,” Hae-ok akasema. Hapo hapo akakata, akampigia Pyo. Safari hii spika hakuiogopa, aliitaka.

“Pyo, yumo garini?”

“Yumo. Kajifunika koti kichwani.”

“Kaka Chil-bok, nisikilize. Koo lako halijafa. Tangu mwaka juzi nimekuwa nakuwekea muziki ulioshushwa nusu ngazi. Leo umepewa ule wa zamani. Kosa si la Pyo, ni langu. Flashi iko kwenye droo, chini ya vitambaa.”

Droo ikasikika ikifunguliwa.

“Mwaka juzi?” sauti ikatoka chini ya koti. “Na mimi huko kote najisifu koo langu halizeeki?”

“Ulikuwa unaimba vizuri. Sikutaka uogope.”

“Ungeniambia, Hae-ok. Koo ni langu.”

“Kweli. Ningekuambia.”

Chil-bok akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. “Na pale Uiseong, ulipokuwa na pini, ulikuwa unasema nini?”

“Pyo anasikiliza.”

“Mimi nakula yai,” akasema Pyo. “Endeleeni.”

“Tutaonana Daegu,” Hae-ok akasema, akakata simu. Wale vijana wanne walikuwa wanamtazama, na paja la kuku wakampa yeye.

Siku ya Daegu, Bosi Tak aliwahi ukumbini akiwa na wasiwasi. Tiketi zilikuwa zimeisha zote, lakini kuna jambo lilikuwa linamsumbua: za kushoto ziliondoka asubuhi ya kwanza, za kulia zikachukua wiki. Akaingia ukumbi wa mbele. Kama desturi, mashabiki walikuwa wametuma magunia ya mchele badala ya maua, yamepangwa marundo marundo, mchele wa kupewa wazee wasiojiweza, na kila rundo lina utepe mpana wenye salamu. Kwa kawaida salamu ni “Hongera” na “Pata afya”. Safari hii kila utepe, kutoka Yeosu, kutoka Uljin, kutoka Uiseong, ulikuwa na maneno yale yale: “Bosi Tak, tambi tutakula lini?”

Na wewe unajua, tambi za mchuzi wa dagaa ni chakula cha harusi. Anayeuliza tambi anauliza harusi.

Shangazi Gu alikuwa anamngoja kando ya magunia.

“Wewe ndiye bosi?”

“Ndiyo, mama.”

“Umesoma?”

“Nimesoma.”

“Umeelewa, au nikuletee na mchele mwingine?”

Bosi Tak akatazama magunia, akatazama ile foleni ya vizibao vya njano iliyofika hadi barabarani. “Nimeelewa, mama.”

Taa za jukwaa zikawaka. Chil-bok akatoka na koti jeupe, akaimba wimbo mmoja, akaimba wa pili, halafu akainua mkono.

“Mama zangu, unaofuata ndio ule ulionivunja Uljin. Kuna mtu ameubeba wimbo huu kwa niaba yangu tangu mwaka juzi, na mimi sijui. Leo nauimba nikijua. Fundi, shusha nusu ngazi.”

Muziki ukaanza. Akafika kwenye ubeti wa mapenzi, akageuka kushoto. Alikuwepo Pyo, na chupa ya chai, na yai. Chil-bok maneno yakampotea, ala zikaendelea zenyewe. Ndipo akina mama wote wa kushoto wakanyoosha mikono kuelekea katikati, safu ya mbele. Hae-ok alikuwa amekalishwa hapo kwa nguvu, kavishwa kizibao cha njano kinachomfika magotini, uso umeiva kwa haya kama tunda la kaki.

“Meneja Do,” Chil-bok akasema kwenye kipaza sauti. “Leo huna pini mdomoni.”

“Sina.”

“Basi?”

“Imba kwanza. Watu wamelipa kiingilio.”

“Tumelipa kusikia hilo jibu,” Shangazi Gu akapaza sauti.

Hae-ok akasimama. “Ndiyo,” akasema. “Lakini ile chupa ya maji baridi uliyoficha nyuma ya ngoma, naiona.”

Ukumbi ukavunjika kwa vicheko, na Chil-bok akauanza wimbo upya. Alipofika pale juu, sauti ilipita wima, haikugusa hata kizingiti.

Wakaoana majira ya machipuko, Yeosu, miti ya cheri imechanua. Hae-ok alikuwa na hofu moja ambayo hakumwambia mtu: alilelewa na bibi yake, na bibi ameshafariki, hivyo upande wa ndugu wa bibi harusi ungebaki viti vitupu. Mpanga ukumbi akawapokea akina mama wa njano mlangoni.

“Mashabiki wa bwana harusi, karibuni upande huu.”

“Nani kakwambia sisi ni wa bwana harusi?” Shangazi Gu akasema, na mkoba wake akautanguliza kwenye kiti cha mbele kabisa, kile cha mama mzazi. “Sisi ndio wa kwao binti.”

Wakaujaza upande ule hadi ukutani, wengine wakasimama. Na mchuzi wa tambi siku hiyo ulipikwa kwa dagaa wa Shangazi Gu mwenyewe, wale wakubwa wa rangi ya fedha, ambao huwa hamuuzii mtu.