Dele la Bi Nabiha

Zamani, kichochoro chetu cha Kibokoni kilikuwa hakipitiki alasiri. Barazani kwa Bi Nabiha watu walijaa, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa tungu. Bi Nabiha aliikaanga buni mwenyewe, akaitwanga mwenyewe, akatia tangawizi. Harufu ikitoka, hata waliogombana waliacha ugomvi wakaja kunywa. Ah, alasiri zile! Zimekwenda na wenyewe.

Bi Nabiha alipofariki, dele lake la shaba lilibaki kwa mwanawe, Abdulhadi. Dele ni lile birika refu la kahawa linalokaa juu ya makaa. Abdulhadi aliendelea kuuza. Lakini, Mungu amsamehe, alipenda makuu. Aliona kukaanga buni ni ushamba. Alinunua kahawa ya mkebe kutoka Ulaya, akaichemsha ndani ya dele la mamake. Mkebe akauweka mbele, watu wauone.

Watu waliuona. Wakanywa, kisha mmoja mmoja wakahama. Mzee Athmani, mteja wa tangu ujana wake, alisema tu, "Mwacha asili ni mtumwa," akaenda zake. Hakurudi.

"Baba Shukri, baraza imekufa," Areej alimwambia mumewe Abdulhadi.

"Najua. Kesho Jaffar wa duka la vitu vya kale atakuja kulinunua dele. Atawauzia watalii."

"Dele la mama? Likatiwe maua?"

Abdulhadi alichukua kitambaa, akaanza kulisugua dele.

Alasiri ile alikuja Purity, binti wa Ganjoni. Alifuata nguo yake, maana Areej ni fundi wa kushona. Purity kazi yake ni kuonja kahawa katika ghala moja huko bandarini Kilindini. Alipewa kikombe. Alionja, akautazama mkebe, akacheka.

"Unacheka nini, mwanangu?" Abdulhadi aliuliza.

"Nacheka safari ya kahawa hii, Ami. Huenda ilipita hapa hapa Kilindini ikiwa mbichi. Ikakaangwa ng'ambo, ikatiwa mkebeni, ikarudi imechoka. Nawe umeilipia nauli ya kwenda na kurudi!"

"Kwani kwetu hakuna wa kukaanga?" Areej alishangaa.

"Wapo. Lakini mambo yalipangwa hivyo tangu ukoloni. Walowezi wa Kizungu walilima kahawa huko bara. Mwafrika alikatazwa kuipanda kwa miaka mingi. Yeye kazi yake ilikuwa kuwachumia. Reli ikaileta hapa, meli ikaichukua, na faida ya kukaanga ikabaki kwao. Wakoloni walikwenda, lakini hadi leo kahawa yetu nyingi huondoka mbichi."

"Lo!" Abdulhadi aliinamisha kichwa. "Na mamangu alikuwa akikaanga papa hapa, kwa chungu."

"Basi fanya kama yeye. Nunua buni sokoni Marikiti. Moto uwe mdogo, na ukoroge bila kuacha. Ikipata rangi ya tende, epua. Ikiwa nyeusi ti, imeungua. Tena usitwange yote. Twanga ya leo tu, maana ikishatwangwa harufu haikai."

Asubuhi Abdulhadi alikwenda Marikiti. Areej alikitoa chungu uvunguni. Buni ya kwanza iliungua, wakakohoa, wakachekana. Ya pili ilipoanza kunukia, Abdulhadi aliacha kukoroga. Machozi yalimtoka.

"Ni moshi?" Areej aliuliza.

"Ni mama."

"Basi koroga, asije akaungua na yeye!"

Alasiri Jaffar alifika na gunia. "Asalaam alaykum. Nimefuata dele."

"Wa alaykum salaam. Kaa kwanza, unywe."

Jaffar alikunywa. Akaomba cha pili. Kisha alilikunja lile gunia, akalikalia.

Mara Mzee Athmani alitokea pembeni, pua juu. "Jamani! Nani kamfufua Nabiha?"

Abdulhadi alimsogezea mahali pake pa zamani.

Siku hizi wapita njia hununua pia buni iliyokaangwa, wakaenda nayo makwao. Faida ya kukaanga sasa inabaki Kibokoni. Na ule mkebe wa Ulaya? Areej hutilia vifungo.